Hängematte, neno ambatani ambalo hakuna aliyeliambatanisha

(Hotuba kwa wanafunzi wa Kijerumani na wafasiri chipukizi, Dar es Salaam. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikaongeza mwishoni maswali mawili ya ukumbini.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wafasiri mliofika, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma wakati viti vya mbele viko wazi: habari za jioni. Itifaki imezingatiwa.

Mwaliko ulisema nizungumze juu ya asili ya maneno ya Kijerumani. Nadhani wengi mlitegemea nianze na shule na hela, maneno ambayo Wajerumani walituachia kabla hawajafungasha virago. Hayo mmeyasikia sana, na mwenye hamu nayo anikamate baadaye kwenye chai. Mimi nimekuja na neno moja, Hängematte, pamoja na ndugu zake wachache, kwa sababu nimechoka kuona wanafunzi wazuri kabisa wakidanganywa na maneno ambatani.

Kitu chenyewe mnakijua. Ni wavu au kitambaa kilichofungwa ncha mbili kwenye miti miwili. Mtu anajitupa katikati na kuning'inia. Hoteli za ufukweni huvitundika kwenye minazi ili watalii wapigie picha.

Mwanafunzi wa Kijerumani akikutana na neno hili hapati taabu. Analikata mara moja: hänge-, kutoka hängen, kuning'inia, Matte, mkeka. Mkeka wa kuning'inia. Tena kanuni aliyofundishwa darasani inakubali bila ubishi. Katika Kijerumani sehemu ya mwisho ndiyo kichwa cha neno, ya mbele inafafanua tu, na jinsia ya kisarufi hutoka kwenye kichwa: die Matte, kwa hiyo die Hängematte, die ikiwa ni alama ya jinsia ya kike. Sisi mpangilio wetu ni kinyume. Tunasema pundamilia: punda kwanza, milia baadaye. Tunasema garimoshi, gari likitangulia. Mjerumani angeanza na milia, angeanza na moshi. Ukishazoea kusoma kutoka nyuma kuja mbele, Hängematte linakufungukia bila hata kugusa kamusi.

Ila hakuna Mjerumani aliyewahi kukaa chini akachukua hängen, akachukua Matte, akaviunga ili apate jina la kitu hiki. Neno lilifika likiwa zima, halina kiungo hata kimoja, likitokea upande wa pili wa bahari. Viungo liliviota njiani.

Tuanzie Karibi. Oktoba 1492, siku chache tu baada ya kutia nanga katika visiwa ambavyo leo ni Bahamas, Christopher Columbus alifika kwenye kisiwa alichokiita Fernandina. Tarehe 17 aliandika habari za nyumba za wenyeji: ndani zimefagiwa, safi, na vitanda vyao ni kama nyavu za pamba. Hapo alikuwa bado hana jina la kitu, ana wasifu wake tu. Shajara yenyewe imepotea. Tunachosoma leo ni muhtasari ulioandikwa na padri Bartolomé de las Casas, na humo, mwanzoni mwa Novemba walipokuwa wamefika Kuba, jina linajitokeza: hamaca.

Hilo ni neno la Wataino, watu waliokuwa wakiishi Kuba, Haiti, Puerto Rico na visiwa vya jirani. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja sehemu kubwa yao ilikuwa imeangamia kwa maradhi, kazi za kulazimishwa na upanga. Maneno yao yamewaishia watu wengine midomoni. Mjerumani akisema Mais kwa mahindi, Kanu kwa mtumbwi mwembamba, Orkan kwa kimbunga, anazungumza Kitaino bila kujua. Hata papai letu, lililotufikia kwa mdomo wa Mreno, chimbuko lake hutafutwa huko huko.

Mhispania alilichukua hamaca kama lilivyo, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, utadhani Kiswahili. Gonzalo Fernández de Oviedo, aliyekaa miaka mingi kwenye makoloni hayo, alichapisha historia yake mwaka 1535 na ndani yake akaweka mchoro wa hamaca ili msomaji wa Ulaya aone mwenyewe. Wafaransa wakapata hamac. Warusi leo wanasema gamak. Waingereza nao wana lao la sauti hizo hizo. Angalieni hayo yote: katika lugha hizo huwezi kulikata neno ukapata vipande vyenye maana. Ha- si kitu, -mac si kitu. Ni jina tu.

Na msidhani kwamba Mjerumani alikawia kukiona kitu chenyewe. Hans Staden, mtu wa Hesse, alitekwa na Watupinamba kwenye pwani ya Brazili. Aliponea chupuchupu, akarudi kwao, na mwaka 1557 kitabu chake kikachapishwa Marburg. Anaeleza jinsi watu wale walivyolala: katika kitu wanachokiita Inni kwa lugha yao, kimefumwa kwa nyuzi za pamba, kimefungwa kwenye nguzo mbili juu ya ardhi, na usiku kucha moto unawaka pembeni. Huyu ni Mjerumani, amekiona kwa macho na amekaa na wenye nacho miezi. Hängen alikuwa nalo. Matte alikuwa nalo. Kama Hängematte lingekuwa wazo jepesi kiasi hicho la kumjia mtu aliyekitazama kitu, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulitamka. Hakulitamka. Alitumia neno la wenyewe, akaendelea na hadithi yake.

Aliyefanya kazi hiyo ni Mholanzi, na sidhani kama alijua anaifanya.

Mabaharia wa Kiholanzi walilipata neno kutoka kwa Wahispania na Wafaransa. Katika maandishi yao ya karne za 16 na 17 unaliona likihangaika: hamaca, hamak, kisha hangmak, na mwisho hangmat. Tazameni hatua hizo polepole, maana ndipo penye utamu wote. Hamak ni sauti ambazo kwa Mholanzi hazina ndugu. Anayelisikia melini, upepo unavuma, anaambiwa na mwenzake aliyeambiwa na mwenzake. Sikio lake linashika ha- na m, na kwa kuwa kitu chenyewe kinaning'inia mbele yake, linajaza hang. Sasa ana hangmak. Nusu imeshakuwa ya nyumbani, nusu bado ngeni: mak katika muktadha huo haimwambii kitu. Badilisha konsonanti moja ya mwisho, k iwe t, na unapata mat, mkeka. Sauti mbili tatu zimesogea, na neno la Kitaino limekuwa neno ambatani la Kiholanzi lenye kichwa na kifafanuzi.

Wajerumani walilichukua kutoka hapo katika karne ya 17. Haishangazi. Maelfu ya vijana wa Kijerumani waliajiriwa kwenye meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1602, na mtu aliyelala kwenye hangmat miezi minane hadi Batavia, Jakarta ya leo, anarudi nayo mdomoni. Kubadilisha hangmat iwe Hängematte ni kazi ya dakika moja, kwa sababu lugha hizi mbili ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Waswidi nao wakapata hängmatta. Orkan niliyoitaja, nayo ilipita mlango huo huo wa Kiholanzi.

Sasa sikilizeni kichekesho. Tunasema neno geni lilifanywa la Kijerumani kwa kupewa vipande vya Kijerumani. Hängen sawa, ni la Kijerumani tangu jadi. Lakini Matte? Matte ni Kilatini, matta, na wataalamu wengi huelekea kudhani kwamba Kilatini nacho kililiazima kwa Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni. Hulilinganisha na neno la Kiebrania mitta, ambalo maana yake ni kitanda. Kwa hiyo mgeni kutoka Karibi alipokelewa na mgeni mwingine aliyetangulia, na aliyetangulia pengine naye alianza maisha akiwa kitanda.

Tusiwacheke Waholanzi. Mwarabu alituletea kitāb, sauti ki- ikiwa sehemu ya mzizi wake. Sisi tukaisikia ki-, tukasema aha, hii ni ki- ya kiti na kisu, tukatengeneza wingi: vitabu. Mwarabu hajui vitabu ni nini. Na lile bati la juu ya gurudumu la gari, madigadi: lilikuja kutoka Kiingereza likiwa moja, sisi tukaisikia ma- ya wingi, tukalipunguza likawa digadi. Hatukuuliza ruhusa. Tofauti ni kwamba sisi huwapa wageni viambishi, na Mjerumani huwapa wageni maneno kamili, kwa kuwa ndivyo lugha yake ilivyozoea kujengwa.

Jambo hili lina jina, na jina lenyewe ni neno ambatani la Kijerumani: Volksetymologie, etimolojia ya watu wa kawaida. Aliyelitia kwenye matumizi ya wasomi ni Ernst Förstemann, mkutubi wa Wernigerode, katika makala ya mwaka 1852. Namtaja kwa heshima zake, pia kwa sababu maisha yake yana mkondo ninaoupenda: baadaye alihamia maktaba ya Dresden, akakuta humo kitabu cha kale cha Wamaya ambacho hakuna aliyeweza kukisoma, akakaa nacho hadi akafumbua hesabu za kalenda yake. Mtu aliyeanza kwa kuchunguza namna Wajerumani wanavyosikia maneno vibaya akamalizia kwa kusoma tarakimu za watu wa Amerika ya Kati. Mkutubi hodari haogopi rafu.

Sasa naingia kwenye hoja iliyonileta. Mwalimu ukieleza habari ya Hängematte, wanafunzi hutikisa kichwa wakasema: basi watu walibadilisha neno ili lieleze kitu. Kitu kinaning'inia, kinafanana na mkeka, neno likarekebishwa lifanane nacho. Maelezo hayo ni matamu, na mimi nayakataa. Hängematte limepatana na kitu chake kwa bahati. Sikio lilitaka sauti lizijuazo, na safari hii sauti zilizojulikana zikaangukia pazuri. Mkitaka ushahidi, tazameni pale ambapo bahati haikuwapo.

Armbrust. Ni ule upinde uliolazwa juu ya gogo, unakazwa, kisha unafyatuliwa kwa kuvuta mtambo kama bunduki. Silaha ya Wilhelm Tell katika hekaya ya Waswisi, yule aliyeambiwa alenge tofaa kichwani mwa mwanawe. Likate neno: Arm, mkono; Brust, kifua. Mkono-kifua. Hakuna maana hapo. Mtajitahidi, najua, mtasema labda hushikwa kwa mkono na kuegemezwa kifuani. Wajerumani nao wamejitahidi hivyo hivyo. Neno limetoka kwenye Kilatini arcuballista, yaani upinde na mtambo wa kurushia mawe, likapita kwa Wafaransa wa kale walikoliita arbaleste, likafika kwa Wajerumani wa Zama za Kati, na masikio yao yakashika mkono na kifua kwa sababu hizo ndizo sauti zilizokuwa karibu. Maana hakuna aliyeijali. Na angalieni sarufi ilivyotii: katika Kijerumani cha Zama za Kati armbrust lilikuwa la jinsia ya kati, lakini baada ya Brust kukaa kichwani mwa neno, jinsia ya Brust ikashinda. Leo ni die Armbrust. Kiungo cha bandia kimepewa mamlaka kamili ya kiungo halali.

Maulwurf ni fuko, yule mnyama achimbaye chini ya bustani na kuacha vichuguu. Maul ni mdomo wa mnyama, Wurf ni mtupo. Mtupa kwa mdomo? Fuko hatupi udongo kwa mdomo. Ana viganja vya mbele vipana vilivyogeukia nje, ndivyo anavyosukumia. Katika Kijerumani cha kale aliitwa mūwerf, mtupa vichuguu, na mū- hiyo ilikuwa ni lundo. Neno hilo la lundo likafa. Sehemu ya mbele ikabaki yatima, watu wakaijaza kwanza kwa molta, vumbi la udongo, wakapata moltwerf, mtupa udongo, jambo lenye akili kabisa. Lakini molta nalo likazeeka likafa. Wakajaza mara ya tatu, safari hii kwa Maul. Kwa hiyo neno moja limetengenezwa upya kila sehemu yake ilipokufa, na tengenezo la mwisho ndilo baya kuliko yote kwa maana, nalo ndilo lililodumu.

Wenye Biblia ya Kijerumani nyumbani wafungue Isaya 2:20, pale wanadamu watakapozitupa sanamu zao kwa fuko na popo. Wanyama wawili katika mstari mmoja, na kwa Kijerumani wote ni maneno ambatani: Maulwurf na Fledermaus. Fledermaus halina hila. Ni panya apapatikaye, na ndivyo lilivyokuwa tangu Kijerumani cha kale, fledarmūs. Mmoja mkweli, mmoja mwongo, wamekaa bega kwa bega, na kwa kuwatazama usoni huwezi kujua nani ni nani.

Anayenivutia kuliko wote ni Vielfraß. Kuna mnyama wa misitu na milima ya baridi kule Skandinavia, Siberia na Kanada, jamaa wa nyegere wetu, na mwenye ukaidi ule ule wa nyegere. Wanorwe walimwita kwa neno lililokaribia fjeldfross, paka dume wa mlimani. Ngozi zake zilikuwa mali. Wafanyabiashara wa Hanse, ule muungano wa miji ya biashara ya Ujerumani ya kaskazini, waliokuwa na kituo chao Bergen, bandari ya Norwe, walizinunua na kuzipeleka kusini pamoja na jina. Sokoni fjeldfross likasikika Vielfraß. Viel ni nyingi. Fraß ni ulaji, tena ulaji wa mnyama. Mlafi. Neno la kumtukana mlafi lilikuwapo tayari, likamvaa mnyama aliyekuja akiwa ngozi tupu, ambaye wanunuzi wengi hawakuwahi kumwona akipumua.

Kisha ikawaje? Viungo vikaanza kudai maana. Kama anaitwa mlafi, basi lazima awe mlafi wa ajabu. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu Mswidi aliyekuwa uhamishoni Roma, alichapisha kitabu cha habari za watu wa kaskazini. Humo anasimulia kwamba mnyama huyu hula mzoga mpaka tumbo linakaza kama ngoma, halafu huenda kujibana kati ya miti miwili ili ajikamue, kisha hurudi kuendelea kula. Kuna na picha. Wanasayansi nao hawakubaki nyuma: Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya wanyama na mimea, mwaka 1758 akamwandika kwa neno la Kilatini gulo, mlafi, na leo jina lake rasmi ni Gulo gulo, mlafi mara mbili. Ni kweli mnyama huyu akipata mzoga hula kwa pupa. Lakini mkasa wa miti miwili haujaonwa na mtu, na sifa yote hiyo ilipata nguvu kwa sababu muuza ngozi hakuwasikia Wanorwe vizuri.

Hapo ndipo ninapowaomba msimame. Tumezoea kudhani kwamba kitu huja kwanza na jina hukifuata. Kwa Vielfraß jina lilitangulia, na mnyama akalazimishwa kulifuata.

Mambo kama hayo yalifika hadi mimbarini. Gharika ya Nuhu kwa Kijerumani ni Sintflut. Sehemu ya mbele, sin-, ilikuwa na maana ya kubwa, ya kuenea kote. Gharika kuu, basi. Sin- ikafa kama ile mū- ya fuko, na watu wakaisikia Sünde, dhambi. Likawa Sündflut, gharika ya dhambi, na utakutana nalo katika vitabu vya zamani. Kwa mhubiri ni neno zuri mno, na nadhani ndiyo maana lilistawi. Wasomi baadaye walilirudisha kwenye Sintflut, nalo ndilo la kawaida leo, moja ya mara chache ambapo wasomi walishinda. Friedhof, makaburini, hawakuligusa: lilikuwa frīthof, ua uliozungushiwa uzio, na lingefuata njia yake ya kawaida leo lingekuwa Freithof, kama wazee wa Bavaria na Austria wanavyolitamka bado. Watu wakasikia Frieden, amani. Nani angethubutu kwenda kumnyang'anya mfiwa amani hiyo?

Wafasiri watauliza: yote haya yanatusaidia nini mezani? Yanasaidia pale ambapo mtu anakuja na makala ya Kijerumani, anakuta Friedhof, anaandika “uwanja wa amani” kwa sababu anataka ladha ya neno ifike. Nimehariri kazi za namna hiyo. Ladha anayoitafsiri ni ya ajali. Kabla hujatafsiri viungo, hakikisha ni viungo. Dalili ya kwanza ni majirani: ukiona Mjerumani ana neno la vipande viwili na Mhispania, Mfaransa na Mrusi wana neno la sauti zile zile lisilokatika, basi anza kumshuku Mjerumani. Dalili nyingine ni maana inayogoma, kama mkono-kifua. Lakini dalili hiyo haitoshi, maana Hängematte maana yake haigomi hata kidogo, na ndiyo sababu limewapumbaza watu wengi kuliko Armbrust. Mwishowe hakuna njia ya mkato: ni kamusi ya asili za maneno. Ya Friedrich Kluge, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1883 na imesahihishwa na kuchapwa upya mara nyingi tangu hapo, bado ndiyo ninayoifungua kwanza.

Na Hängematte lenyewe kwa Kiswahili tuliite nini? Nimeahidiwa ugomvi juu ya hili, kwa hiyo niseme upande wangu. Machela ni neno zuri, tulilipata kwa Wareno waliosema machila, na zamani lilikuwa kitambaa kilichotundikwa kwenye mti mrefu, watu wawili wanabeba mabegani, bwana mkubwa amelala katikati. Kwa umbo ni kitu kile kile. Lakini leo ukisema machela msomaji anaona mgonjwa akipelekwa wodini, na huwezi kumlaza mtalii wako humo. Bembea linamweka mtoto uwanjani. Kulichukua lenyewe la Kitaino ndiyo hatari kabisa: kwenye midomo yetu hamaca haichukui wiki kabla haijawa hamaki, na mtu aliyekwenda kupumzika atakuwa amehamaki. Mimi huandika “kitanda cha wavu” nikiwa na nafasi, na “bembea ya kulalia” nikibanwa. Anayepata zuri zaidi alilete.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nimeambiwa tuna muda wa maswali.

Kijana mmoja alisimama akauliza: “Shikamoo mwalimu. Kwa maelezo yako, Hängematte ni kosa. Je, tukiandika kwenye mtihani tunakuwa tumekosea?”

Marahaba. Hapana, andika bila woga. Kosa lilikuwa la baharia mmoja au mia, karne nne zilizopita. Wewe unayelitumia leo unatumia neno sahihi la Kijerumani, lenye tahajia yake, jinsia yake na wingi wake, Hängematten. Ni kama vitabu. Ukienda mbele ya mwalimu wa Kiswahili ukasema vitabu ni kosa kwa kuwa Mwarabu husema kutub, atakutuma ukanywe maji. Unachotakiwa kuacha ni kulitumia neno kama ushahidi wa fikra za Wajerumani. Nimesoma mtu akiandika kwamba Hängematte linaonyesha jinsi Mjerumani anavyopenda kueleza kila kitu kwa usahihi wa kihandisi. Mjerumani hakuwepo.

Dada aliyekaa karibu na mlango akauliza juu ya Handschuh, na ukumbi ukacheka kabla hajamaliza, kwa sababu kila darasa la Kijerumani hucheka hapo: glovu kuitwa kiatu cha mkono. “Hilo nalo bila shaka ni la bandia, mwalimu?”

Ndilo ambalo kila mtu analishuku. Lakini ukirudi nyuma hadi Kijerumani cha kale unalikuta tayari, hantscuoh, hant ni mkono na scuoh ni kiatu, na halina jirani wa kigeni aliyelileta likiwa na sura nyingine. Kwa maandishi tuliyonayo, lilikuwa kiatu cha mkono miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na hivyo ndivyo lilivyo leo. Kwa hiyo hilo mnaweza kulitafsiri kipande kwa kipande mkitaka kuchekesha. Hängematte hapana.